Kuhamia Kijijini Muheza: Mwongozo Kamili wa Mwaka wa Kwanza

Wengi wanaohama Dar es Salaam kwenda kijijini kutafuta utulivu hukosea jambo lile lile: huanza na nyumba. Hununua eneo, humwaga msingi, hupaua, ndipo wagundue kwamba kisima cha jirani hukauka Januari, barabara haipitiki mwezi Mei, na mnazi uliosimama mbele ya mlango una mwenyewe. Nyumba inaweza kusubiri. Kinachomtuliza mtu kijijini ni vitu vichache vilivyowekwa tayari kabla havijahitajika: maji kwenye tangi, chakula ghalani, kuni kavu, na majirani wanaomfahamu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Tumechukua wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, chini ya Milima ya Usambara Mashariki: nchi ya michungwa, minazi na mihogo, na juu kuelekea Amani, iliki, mdalasini na karafuu. Mvua ni mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Anayehamia Njombe, Iringa, Mbeya au Songea akumbuke kwamba kule msimu ni mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na kiangazi chake ni kirefu. Abadilishe tarehe, na aongeze ukubwa wa tangi.

Panga kwanza, tena mwaka mzima

Tafuta vyumba viwili vya kupanga katika kijiji unachokitaka, na ufike Januari au Februari. Huo ni wakati jua likiwa kali na vuli imekwisha. Kijiji kinachokupendeza Februari kitakupendeza mwezi wowote. Kinachokupendeza Juni, kijani kimejaa na machungwa yamejaa barabarani, hakijakuonyesha chochote bado.

Kwa mwaka huo beba daftari moja na uandike mambo haya tu: tarehe ambayo kila chanzo cha maji kilipungua au kukauka, foleni ya ndoo ilikuwa ndefu kiasi gani, siku ambazo pikipiki haikufika, tarehe mvua ilipoanza na ilipokoma, na maji yalipita wapi siku ya mvua kubwa. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Simama nje mvua ikinyesha utazame mkondo, maana eneo linalouzwa kwa bei nafuu mara nyingi ndilo njia ya maji.

Kuhusu fedha, kabla ya kuacha kazi au biashara ya mjini weka pembeni matumizi ya miezi 12 ambayo hayahusiani na ujenzi. Shamba la mwaka wa kwanza halilishi mtu. Vuli inaweza kukata katikati, na muhogo unaopandwa leo utaliwa baada ya miezi 9 hadi 12.

Kujitambulisha

Usianze na dalali. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, nenda kwake jioni akiwa ametoka shambani, useme umetoka wapi, unakaa kwa nani na umekuja kufanya nini. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa mtendaji wa kijiji. Chukua barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka, pamoja na nakala ya kitambulisho cha taifa, kwa sababu mtendaji atavihitaji kukuandika kwenye daftari la wakazi.

Kuna mambo mawili yanayomfanya mgeni awe mtu wa pale, na yote hufanyika mapema. La kwanza ni msiba. Ukisikia kuna kilio, nenda siku hiyo hiyo, hata kama marehemu humjui. Wanaume hukaa, huchimba kaburi na kupasua kuni; wanawake huteka maji na kupika. Toa mchango wa kiasi kilichokubaliwa na watu wa kitongoji, wala usitoe mara tano yake, kwa sababu ukiwazidi wenzako kwa fedha unajitenga nao. La pili ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, kuchimba mtaro au kujenga darasa. Nenda na jembe lako mwenyewe. Anayetuma pesa badala ya kwenda haandikwi vibaya, lakini siku tangi lake likipasuka saa mbili usiku hatakuwa na wa kumwita.

Ardhi: hapa ndipo fedha nyingi hupotea

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo halmashauri ya kijiji haiwezi kukugawia ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti na mtendaji peke yao, mezani, haitoshi. Omba muhtasari wa kikao, usome tarehe yake, uone jina lako na ukubwa wa eneo vimeandikwa.

Ukinunua kwa mtu binafsi, pitia hatua hizi bila kuruka hata moja:

1. Tembea mipaka pamoja na muuzaji na majirani wa pande zote nne, kwa siku moja, wote wakiwepo. Jirani asiyetokea ndiye mwenye mgogoro.
2. Pima kwa futi kamba. Kipimo cha mazoea ni hatua 70 kwa 70 kwa ekari moja, lakini hatua ya mtu mfupi si hatua ya mtu mrefu. Ekari ni mita za mraba 4,047, karibu mita 64 kwa 64.
3. Uliza eneo lilipatikanaje. Kama ni urithi, warithi wote watu wazima wasaini, pamoja na wanaoishi mjini. Mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi.
4. Hesabu miti ya kudumu, mmoja mmoja, uulize ya nani. Katika ukanda huu mnazi au mwembe unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Kila mti uandikwe kwenye mkataba.
5. Lipa mbele ya mtendaji, upate risiti ya ada yoyote inayodaiwa na ofisi, kisha uombe hati ya hakimiliki ya kimila. Yaweza kuchukua muda, usiache kuifuatilia.

Ukiwa umekodi shamba, usipande mti wowote wa kudumu bila makubaliano ya maandishi. Mkoani Tanga kupanda mnazi au mchungwa kwenye ardhi ya mtu husomeka kama kudai ardhi hiyo, na mwenye shamba anaweza kuung'oa bila kukuuliza.

Pima pia mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda huo. Ukiwa upande wa milimani, uliza mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani uko wapi, uende ukaone alama zake kwa macho. Mgogoro ukitokea, mahali pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, na mara nyingi husuluhisha vizuri, kwa sababu wajumbe wanajua nani alilima wapi miaka 30 iliyopita.

Maji, kabla ya ukuta wa kwanza

Hesabu hii ifanywe kwenye karatasi kabla ya kumwita fundi. Mita moja ya mraba ya bati, ikinyeshewa milimita moja ya mvua, hutoa lita moja. Baada ya kinachomwagika na kinachokauka, hesabu asilimia 80. Paa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 10 inakupa lita 384. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hilo linatoa lita 38,400.

Sasa matumizi. Watu wanne kwa lita 20 kila mmoja, yaani dumu moja kwa mtu, ni lita 80 kwa siku. Siku 120 zenye mvua chache kati ya Juni na Septemba zinataka lita 9,600. Kwa hiyo unahitaji lita 10,000, na tunashauri matangi mawili ya lita 5,000 badala ya moja kubwa. Moja likipasuka au likichafuka, lingine limebaki. Tena siku ya kusafisha huhitaji kumwaga yote.

Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Likikalishwa juu ya mawe au udongo ulioshindiliwa tu, kitako huzama upande mmoja na plastiki hupasuka kwenye kona, kwa kawaida baada ya masika ya kwanza. Mwaga jukwaa la zege lenye unene wa sentimita 15, pana kuliko tangi kwa sentimita 20 kila upande, na liinuke nusu mita kutoka ardhini ili ndoo iingie chini ya koki. Subiri siku 7 ukilimwagia maji kabla ya kuweka tangi.

Gata ziteremke sentimita moja kwa kila mita. Zikiwa sawa kabisa, maji hutuama, majani huoza na mbu huzaliana humo. Kabla ya tangi weka bomba la kusimama la inchi 4, lenye urefu wa mita 3, lililozibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Mita moja ya bomba hilo hubeba karibu lita 8, kwa hiyo lita 25 za mwanzo, zenye vumbi na kinyesi cha ndege, hubaki humo, na maji yanayofuata ndiyo huingia tangini. Lifungue na kulimwaga kila baada ya mvua. Watu hulisahau, likajaa, na uchafu wote ukapita juu yake kama vile halipo. Weka wavu wa mbu kwenye mdomo wa tangi na kwenye bomba la kumwagia ziada.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yawekwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Siku kuni zimelowa, chupa safi za plastiki angavu za lita moja na nusu, zilizojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juu ya bati, huwa salama baada ya saa 6 za jua kali, au siku mbili za mawingu.

Kama unataka kuchimba kisima, chimba Februari. Kinachotoa maji Februari kitatoa mwaka mzima. Kilichochimbwa Mei kinakudanganya.

Choo na nyumba

Choo kiwe mita 30 kutoka kisima, upande wa chini wa mteremko. Shimo la mita 1 kwa 1, kina cha mita 3, linatosha familia ya watu watano kwa karibu miaka 10. Udongo ukiwa wa kichanga lazima kuta zijengewe kwa matofali, vinginevyo hubomoka msimu wa pili. Bomba la hewa la inchi 4 lisimame wima upande unaopigwa na jua, lipite paa kwa nusu mita, na mdomoni liwe na wavu. Nzi hufuata mwanga wa juu, hunaswa wavuni na hufia humo. Ndani kuwe na giza kidogo, la sivyo nzi watarudi kwa njia ya tundu.

Nyumba ya kuanzia iwe vyumba viwili na kibaraza. Kibaraza ndicho utakachotumia kuliko vyumba. Msingi uinuke sentimita 45 kutoka ardhini kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua, na paa lichomoze sentimita 60 nje ya ukuta. Jiko lijengwe mbali kidogo, likiwa na tundu la kutolea moshi, na nyuma yake banda la kuni. Kuni zilizopasuliwa zinahitaji miezi 3 chini ya paa ili ziwake bila moshi, kwa hiyo za masika zikusanywe Desemba.

Umeme ukiwa haujafika, au nguzo ya karibu iko mbali, sola ndogo inatosha. Taa tano za wati 5 kwa saa 4, simu mbili na redio ya saa 6 ni kama wati-saa 150 kwa siku. Paneli ya wati 50 ingetosha siku za jua. Kwa mawingu ya masika nunua ya wati 80, betri ya volti 12 na Ah 50 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), na kidhibiti chaji. Betri ya asidi isitumike chini ya nusu. Nyingi hufa ndani ya mwaka kwa sababu mwenye nyumba aliongeza televisheni bila kuongeza paneli.

Chakula, kwa ngazi

Wiki ya kwanza baada ya kupata eneo, panda muhogo. Lakini usichukue mbegu popote. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa kituo cha Amani, mwaka 1936, na bado ndio unaokula mihogo ya pwani. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kuonekana zima huku mzizi umeoza. Kabla ya kukubali mbegu, omba mwenye shamba ang'oe shina moja, ukate mzizi vipande. Ukiona madoa makavu ya kahawia ndani, acha shamba lote. Kiroba ni mbegu inayovumilia ugonjwa huo na inapatikana pwani. Kata vipande vya sentimita 25, panda mita 1 kwa 1, nawe utahitaji vipande kama 4,000 kwa ekari.

Bustani ya mboga isizidi mita za mraba 20 mwanzoni: matuta manne yenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Upana huo unakuwezesha kufikia katikati bila kukanyaga. Weka debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza miche. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, sukuma wiki baada ya miezi miwili, bamia vivyo hivyo. Sasa angalia hesabu ya maji: tuta linahitaji karibu lita 5 kwa mita moja ya mraba kila siku ya jua. Mita 20 zitakunywa lita 100, zaidi ya familia nzima. Bustani ndiyo inayomaliza matangi ya wengi mwezi Agosti. Kiangazi bakiza tuta moja, ulimwagilie maji ya kuoshea mboga na vyombo, na ulifunike kwa majani makavu.

Mahindi yasubiri masika, na yaanze na ekari moja, si tatu. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, kilo 8 hadi 10 kwa ekari. Kuanzia wiki ya pili kagua moyo wa mmea mara mbili kwa wiki, kwa sababu viwavijeshi vamizi, walioonekana nchini mwaka 2017, huingia humo na dawa haiwafikii tena wakishakua.

Kuku wa kienyeji waje baada ya banda na chanjo, si kabla. Jogoo mmoja na mitetea mitano wanatosha. Banda liinuliwe mita moja, mita moja ya mraba kwa kuku wanne, na mlango ufungwe kabla ya magharibi kwa ajili ya kicheche. Ugonjwa wa mdondo huua banda zima kwa siku chache, na hauna tiba. Chanjo ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, inauzuia. Kopo moja hutosha kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo changeni na majirani mchanje kitongoji kizima kwa siku moja. Kuchanja wako peke yao huku wa jirani wanakufa ni nusu ya kazi.

Ng'ombe asubiri mwaka wa pili. Wa maziwa anaweza kunywa lita 60 kwa siku, na hesabu ya tangi unaijua.

Ghala

Usihifadhi hindi bichi. Weka punje kiganja kimoja na kijiko cha chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Unyevu huzaa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Yakikauka, tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Finya hewa yote, funga kila tabaka peke yake, na usiifungue kwa wiki 6. Dumuzi aliyekuwa ndani atakufa kwa kukosa hewa. Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wazuiwe, maana tundu moja linaharibu kazi yote.

Afya

Kabla ya kuhama, enda zahanati ya kijiji uulize wana kipimo cha malaria na dawa mseto siku zote au wakati fulani tu, na kama bima yako inapokelewa pale na katika hospitali ya wilaya. Lala kwenye chandarua chenye dawa hata kiangazi. Homa ipimwe siku hiyo hiyo, hasa kwa mtoto. Andika ukutani namba za simu za waendesha bodaboda wawili wanaokubali kutoka usiku.

Aliyeumwa na nyoka alazwe, mguu au mkono usitikisike, pete na viatu vitolewe, apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Kamba huua nyama ya mguu bila kuzuia sumu.

Saa za siku

Mwili wa mjini hutaka kulima saa nne asubuhi, na hapo ndipo unapoanguka. Shambani ni saa kumi na mbili hadi saa nne, kisha jioni saa kumi hadi saa kumi na mbili. Katikati ni wakati wa kutengeneza mpini, kukagua gata, kuchambua mbegu, kulala kidogo. Wiki tatu za kwanza lima kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, hata ukijiona una nguvu. Malengelenge yakipasuka utakaa wiki nzima bila kushika jembe, na mvua haitakusubiri. Jembe jipya lisuguliwe makali kwa tupa kila asubuhi, na mpini wake ulowekwe ndoo ya maji usiku wa kwanza ili ukaze kwenye tundu.

Mwezi Desemba, mwaka unapokwisha, fungua daftari ulinganishe tarehe za maji na hesabu ya tangi. Kama uliishiwa hata siku moja, ongeza tangi kabla ya kuongeza chumba.